Kiondo Chenye Tundu

Kiondo hicho kiko juu ya kabati, katika chumba ninamoweka waya, testa na ngazi. Ni cha mkonge mtupu, hakina uzi wa dukani hata mmoja. Kwenye kitako kimetobolewa tundu la duara linalotosha kupitisha holda ya balbu, na kulizunguka tundu hilo mkonge umegeuka rangi ukawa kama kahawa. Ukikisogeza karibu na pua, harufu ya kuungua bado imo. Mke wangu ameniuliza zaidi ya mara moja kwa nini sikitupi, maana hakiwezi kubeba kitu. Humjibu kwamba iko siku nitakihitaji. Sijamwambia kwamba kiondo hicho ndicho kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya, na kwamba aliyekishusha kutoka mahali pake ni mimi mwenyewe.

Kilining'inia katika baa moja ndogo hapa Kwa Vonza, kitako juu na mdomo chini, kuanzia mwaka 1994 hadi 2013. Chumba kilikuwa na upana wa hatua tano na urefu wa hatua tisa. Mlango ulitazama magharibi, na kaunta ilikuwa upande wa ndani, imezungushiwa vyuma kama baa nyingi za wakati ule. Soko lenyewe lilikuwa dogo. Mabasi ya Machakos yalisimama, yakashusha watu na magunia, yakaendelea na safari ya Kitui mjini. Wateja wa baa walikuwa wachuuzi wa mbuzi siku ya soko, walimu mwisho wa mwezi, madereva wa lori, na wafanyakazi wa ile taasisi ya kilimo ambayo Wakamba waliijenga kwa michango ya harambee. Jina lake kamili lilikuwa refu, la Kizungu. Sisi tuliiita UKAI.

Mwenye baa alikuwa mjane. Wote tulimwita Mwaitu, yaani mama yangu, hata wazee wa rika lake. Aliponiita nimtilie stima hakuanza na bei. Alinikalisha, akaniagizia chai, akasema, "Mwana wakwa, nataka mtu akiketi hapa aonane na mwenzake, lakini asionwe na barabara nzima. Na mtu mzima akiingia, uso wake ubaki uso."

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano na cheti kipya cha ufundi. Nilikuwa nimefundishwa kwamba chumba cha ukubwa ule kinataka taa mbili katikati ya dari, swichi kando ya mlango, na kazi imekwisha. Hakuna aliyewahi kunitajia uso wa mtu.

Mwaitu alijua analolisema kwa sababu alikuwa amekulia kwenye giza la kweli. Mama yake alipika kaluvu nyumbani, ile pombe ya asali na matunda ya miatine, na wazee waliinywa kwa mwanga wa koroboi: kopo, utambi wa pamba, mafuta ya taa. Koroboi hutoa moshi na huchafua pua, sitaisifu kupita kiasi. Lakini mwali wake ni mdogo na uko mezani, usawa wa kifua. Unaangaza shavu moja na kuliacha lingine. Kuta hupotea kabisa. Mtu akitaka kusikilizwa huinama mbele kidogo, uso wake unaingia kwenye mwanga, na watu wote hunyamaza. Akimaliza huegemea nyuma, giza likampokea. Mwaitu aliniambia kwamba utotoni alidhani hiyo ndiyo sheria ya mazungumzo, kwamba ukiwa na neno unasogea mbele.

Kisha mumewe alinunua karabai. Kijana wa leo ambaye hajaiona hawezi kufikiria fahari yake. Unapiga pampu, mafuta yanageuka mvuke, mvuke unaungua ndani ya kile kifuko cha uzi kilichogeuka majivu, nacho kinawaka weupe unaoumiza macho. Kifuko hicho kilibuniwa na Carl Auer von Welsbach wa Austria mwaka 1885, na siri yake ni madini yaliyolowekwa kwenye uzi, ambayo yakipata moto hung'aa kuliko moto wenyewe. Karabai ilitundikwa katikati ya chumba, ikilia "sssss" usiku kucha. Mvua za Novemba zikianza, kumbikumbi waliivamia kwa maelfu, mabawa yakaanguka ndani ya bilauri. Watu walijaa baa kuja kuiona. Lakini Mwaitu hakuipenda. Alisema usiku ule ule wa kwanza watu walianza kuketi wima, kila mtu akiangalia viatu vya mwenzake.

Karabai hiyo iliwaka miaka ambayo Mto Tana, kaskazini mwa Ukambani, ulikuwa tayari umefungwa kwa mabwawa. Kindaruma ilianza kuzalisha umeme mwaka 1968, Masinga 1981, Kiambere 1988. Umeme wa maji yale ulisafirishwa hadi Nairobi na Mombasa. Sisi tuliokuwa jirani na mto tuliendelea kununua mafuta ya taa kwa chupa. Ninalitaja hili kwa sababu linaeleza kwa nini stima ilipofika sokoni kila mtu alitaka mwanga mwingi kadiri iwezekanavyo. Tulikuwa tumenyimwa muda mrefu. Aliyenyimwa chumvi miaka mingi akiipata ataimimina.

Mwaitu peke yake hakutaka kumimina.

Kazi ile ilinichukua wiki tatu, nami sikuwa na mahali pa kujifunza ila kwa kukosea. Nilianza na balbu moja ya wati 60 darini. Mwaitu aliwasha, akatazama, akazima, akasema, "Hii ni ofisi ya chifu." Nilijaribu kuifunika kwa kiondo cha nyuzi za rangi, zile za dukani, na kabla ya nusu saa nyuzi zikaanza kunuka na kuyeyuka. Nikaleta kiondo cha mkonge na balbu ya wati 40. Hicho ndicho kilichoungua kuzunguka tundu. Mwishowe nikashuka hadi wati 15, nikadhani chumba kitakuwa kaburi.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo mpaka leo huwaambia mafundi wachanga. Niliishusha taa. Badala ya kuiacha darini, mita 1.8 juu ya meza, niliining'iniza kwa waya mrefu hadi ikawa sentimita 60 tu. Umbali ukipungua mara tatu, mwanga unaofika mezani huongezeka mara tisa. Wati 15 zikatosha na kubaki. Mdomo wa kiondo ulikuwa juu kidogo ya macho ya mtu aliyeketi, kwa hiyo hakuna aliyeiona balbu yenyewe. Mwanga uligonga meza, ambayo niliomba isipakwe rangi nyeusi, na meza ikaurudisha usoni mwa watu kutoka chini, ukiwa umepoa. Na katika msuko wa mkonge, pale nyuzi zilipoachana, mwanga ulipenya kidogo kidogo, kiondo kizima kikaonekana kama kinapumua. Tukatundika vingine viwili. Jioni ile Mwaitu aliketi, akanitazama usoni kwa muda, akasema, "Sasa nakuona."

Mengine yalifuata kwa urahisi. Kwa kuwa mlango ulitazama magharibi, na jua letu huzama karibu wakati ule ule mwaka mzima, kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo, mtu aliyeingia jioni alitoka kwenye mwangaza mkali akawa kama kipofu. Jicho huchukua dakika nyingi kulizoea giza. Basi nikaweka taa yenye nguvu zaidi karibu na mlango, ya pili ikiwa hafifu, ya ndani kabisa hafifu zaidi, ili macho yashuke ngazi badala ya kuanguka. Sehemu ya juu ya kuta tuliipaka rangi ya udongo iliyokolea, dari ikapotea kama zilivyopotea kuta za koroboi. Nyuma ya kaunta nilificha balbu ndogo chini ya rafu ili mwanga upite ndani ya chupa za kahawia. Na juu ya sanduku la pesa niliweka taa moja kali, ikitazama chini tu, kwa sababu ugomvi mwingi wa baa huanzia kwenye chenji.

Mchongaji mmoja kutoka Wamunyu, huko ambako kazi ya kuchonga ilianzia na Mutisya Munge baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, alituletea mti aliouchonga wa kushikia taa ya kona. Lakini lililopendwa kuliko yote ni kibuyu. Akina mama zetu walijua kuchora vibuyu kwa ncha ya chuma. Mimi nilichukua kimoja kilichopasuka mdomo, nikakitoboa kwa msumari wa moto nikifuata michoro iliyokuwapo, nikatia balbu ndani. Ukutani palitokea vitone vya mwanga, mamia. Dereva mmoja wa lori la mchanga alikuwa akiketi chini ya vitone hivyo kila Ijumaa, halafu hasemi na mtu.

Kwa miaka karibu ishirini sikuwa na kazi nyingine niliyoipita nikasimama nje kuitazama. Usiku, kutoka barabarani, ungeona mlango wa rangi ya asali na vichwa vimeinamiana. Kaseti za Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers ziliendelea kulia ingawa Kakai mwenyewe alikuwa amefariki tangu 1987. Mhudumu alipita akiuliza, "Baridi ama moto?" Wakati wa mgao wa stima wa 1999 na 2000, ukame ulipoyakausha mabwawa, Mwaitu aliwasha chemli akaziweka mezani, na wateja hawakuona tofauti kubwa. Hilo lilinifurahisha kuliko sifa yoyote.

Baadaye alikuja kunywa soda pale mwalimu mmoja wa chuo. Aliniambia kwamba Mjapani aitwaye Tanizaki Jun'ichiro aliandika insha nzima kuvisifu vivuli mwaka 1933, akisikitika jinsi stima ilivyokuwa inavifukuza majumbani kwao. Nilimwomba anieleze insha yote, akanieleza hadi baa ikafungwa. Nilitembea kurudi nyumbani nikijiambia kwamba Mwaitu na mtu yule wangeelewana.

Chuo chenyewe ndicho kilichobadilisha Kwa Vonza. Mwaka 2008 UKAI iligeuzwa kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 2013 kikapata hati yake kuwa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya. Vyumba vya kupangisha vilichipuka kila upande. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, ile watu waliyoipa jina la Mututho, ilikuwa tayari imefunga milango ya baa hadi saa kumi na moja jioni siku za kazi, kwa hiyo biashara yote ikawa ya usiku, na usiku ukawa wa vijana. Mwaitu alikuwa amechoka magoti. Mwanawe akachukua usukani.

Ni kijana mwema, simlaumu. Aliniita akasema, "Mzee, wanafunzi hawaingii hapa. Wanasema ni kama nyumba ya nyanya yao. Wanataka mwangaza na televisheni." Akataja malipo. Mwanangu alikuwa anaanza kidato cha kwanza. Nilijua ningeweza kumwambia maneno mengi. Ningeweza kumwambia tuongeze taa bila kubadilisha urefu wake, tuitenge kona ya televisheni, tuziache zile meza tatu za ndani. Nilikuwa na maarifa ya miaka ishirini mdomoni, nikayameza. Kuna sehemu yangu iliyoamini kwamba labda kijana ana haki, kwamba nilichokijua ni mambo ya zamani yasiyo na mnunuzi. Nikapanda ngazi, nikakata waya, nikakishusha kiondo. Nikafunga tyubu nne za futi nne. Kuta zikapakwa rangi nyeupe ya mafuta inayong'aa.

Siku hizi mtu anaweza kusoma kwenye boksi la taa kile nilichokiona kwa macho siku ile. Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini. Mshumaa uko karibu 1,900, na koroboi ni ndugu yake. Balbu ya zamani ya waya ni kama 2,700. Tyubu nilizofunga zilikuwa 6,500, rangi ya mchana wa mawingu. Tyubu za bei rahisi za aina hiyo zina wekundu kidogo mno, na rangi ya ngozi zetu inaishi ndani ya wekundu na hudhurungi. Isipopewa haiwezi kurudisha. Wazee wakageuka kijivu. Mwanga ukishuka moja kwa moja kutoka darini ulichimba mashimo chini ya nyusi zao, mikunjo ikawa mifereji. Walimu waliokuwa wakicheka pale walionekana kama wanaosubiri daktari. Ndani ya miezi michache walikuwa wamehamia nje, chini ya mti, kwenye kreti zilizopinduliwa. Wengine wakaacha kuja.

Jioni moja Mwaitu alishuka mwenyewe kutoka nyumbani kwake kuja kutazama. Nilikuwapo, narekebisha soketi ya televisheni. Alisimama mlangoni, akaweka kiganja juu ya macho kama mtu anayetafuta ng'ombe mbali. Nilimsalimia, akaitikia. Kisha akauliza kwa sauti ya chini kabisa, na aliuliza kwa dhati, "Mwana wakwa, kumekucha?"

Sikuwa na jibu. Akageuka akaondoka na mkongojo wake. Alifariki miaka mitatu baadaye, nami katika miaka hiyo yote sikuwahi kwenda kumwomba radhi. Nilikwenda kumwamkua, nikampelekea sukari, tukazungumza habari za mvua. Kiondo sikukitaja.

Baada ya tyubu zikaja taa za LED. Mwaka 2014 wanasayansi watatu, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kubuni LED ya buluu yenye ufanisi, iliyowezesha taa nyeupe za aina hiyo, na walistahili. Balbu ya wati 9 inayotoa mwanga wa balbu ya zamani ya wati 60 ni baraka kwa mama anayenunua tokeni za stima za shilingi hamsini. Tena zipo zenye rangi ya joto, 2,700 kamili, na hazipati moto wa kuchoma mkonge. Kama ningekuwa nazo mwaka 1994, kiondo changu kisingekuwa na alama ya kuungua. Shida ni kwamba madukani mteja huelekeza kidole kwenye nyeupe zaidi, akiamini ndiyo yenye thamani zaidi, na muuzaji hamwambii lingine. Pale baa walibandika zile za utepe kuzunguka dari yote: zambarau, kijani, buluu, zikibadilika kila baada ya sekunde chache. Uso wa mtu haupati nafasi ya kutulia. Unaanza kumwona, anageuka mwingine.

Mwaka jana, mvua zilipokolea, mwana wa Mwaitu alinipigia simu saa mbili usiku. Stima imepotea kwenye baa peke yake, majirani wanayo, na watu wamejaa. Nilifika nimelowa. Ndani palikuwa giza totoro, na muziki umekatika. Nilitarajia kelele. Niliposukuma mlango nikakuta msichana mmoja amewasha tochi ya simu, ameilaza mezani, na juu yake ameweka chupa ya maji. Maji yalikuwa yameusambaza mwanga, ukawa mpana, laini, ukipanda kutoka mezani. Meza ya pili walikuwa wamefanya vivyo hivyo kwa chupa ya bia, na mwanga wake ulitoka wa rangi ya asali. Kuta zilikuwa zimepotea. Kijana mmoja alikuwa akisimulia habari ya kwao, nadhani ni Mwingi, maana alitamka vile. Kila alipofika mahali pazito alisogea mbele, shavu moja likaingia kwenye mwanga, na wenzake wote wakanyamaza.

Nilikwenda kwenye kabati la swichi nyuma ya kaunta. Ilinichukua dakika moja kuelewa: maji ya mvua yalikuwa yameingia kwenye kiungo cha taa ya nje. Niliukata waya ule, nikaufunga kwa tepu. Kilichobaki kilikuwa kuinua swichi kuu kwa kidole kimoja.

Nikabaki nimesimama pale na kidole changu kwenye swichi. Yule kijana wa Mwingi alikuwa bado hajamaliza.

"Mzee," mwenye baa akaniita kutoka gizani, "bado hujapata?"

"Bado kidogo," nikamjibu.